Pikipiki Iliyopimwa kwa Gunia

Mume wangu alikuwa bwana shamba pale Kizimbani, na kazi ilimpa pikipiki. Msidhani ni pikipiki ya fahari. Ilikuwa kongwe, rangi imekwisha, na springi zake za nyuma zimechoka hata nikipanda mimi tu, nyuma inazama na taa ya mbele inatazama vilele vya minazi. Usukani ulikuwa ukiyumba mkononi mwake kwa wepesi. Na njia yetu mpaka uifikie lami ilikuwa udongo mtupu, mashimo na mchanga. Mimi huko nyuma nimekaa upande, buibui nimelikunja chini ya mapaja, nnasoma kila dua niliyofunzwa chuo cha Kurani.

Nisingelijali, kwa sababu nilipenda mno kupakiwa pikipiki, sifichi. Lakini mwaka ule nilikuwa na mimba, na kabla yake zilikwisha kunitoka mbili. Nesi wa hospitali ya mjini alinambia waziwazi: "Ukisikia maumivu, ukiona damu, usingoje mtu. Njoo." Nije na nini? Gari la shamba likishuka mjini alfajiri na kurudi jioni, basi. Kilichobaki ni pikipiki ile. Mtoto wangu alikuwa anategemea springi mbili zilizokufa.

Nikamshikilia mume wangu aipeleke kwa fundi. Huko Ng'ambo alikuwapo mtu mzima mmoja ambaye, miaka ile baada ya Mapinduzi, spea haziji hata za dawa, alikuwa akizifufua pikipiki za watu kwa vyuma vya zile zilizokwisha kufa. Mume wangu akakubali. Asubuhi yake anatoka, mama yake, tuliyekuwa tukikaa naye, akamsimamisha mlangoni.

"Usimwambie fundi kama mkeo mja mzito. Gereji kuna watu, na watu wana macho."

Kwa mama mkwe, zile mimba mbili ziliondoka na macho ya watu, macho ya hasadi. Kwa hiyo hii haikutajwa. Majirani wakiniona nimenenepa waliambiwa nnakula vizuri, na mimi nikajifunga kanga juu ya kanga kwenye joto lile, jasho linanitiririka. Mume wangu hakuwa mtu wa kubishana na mama yake hata kidogo. Akaenda kumwambia fundi kuwa anataka kubebea mbata, zile nazi kavu za magunia.

"Mbata?" nikamuuliza aliporudi. "Mimi ndiyo mbata?"

Akacheka. "Uzito ni uzito, mke wangu. Springi haijui imebeba nini."

Fundi wa watu alifanya kazi yake, simlaumu. Alimfungia gunia la mbata kwenye keria, akamkalisha mume wangu mbele, akapima kwa kijiti kutoka chini mpaka kwenye madigadi ya mbele, kisha akapima nyuma. Akatoa zile springi zilizochoka, akatia ngumu za pikipiki kubwa, na chini yake akaweka pete alizozikata kwenye bomba ili nyuma inyanyuke. Kwa gunia lile, mbele na nyuma zikalingana sawasawa. Mume wangu alirudi nyumbani anaimba.

Lakini mimi si gunia. Siku zile nilikuwa mwembamba wa kupeperushwa, na hata kwa mimba ile sikufika nusu ya mzigo aliopimiwa. Nilipopanda, nyuma haikushuka hata kidogo. Pikipiki ilisimama kama mbuzi aliyenyanyua kitako. Nikawa juu, yeye chini, nnamtelezea mgongoni, na uzito wote umelalia gurudumu la mbele. Akigusa breki, pua inazama. Tukiingia mchangani, usukani unatikisika kama mtu mwenye homa.

"Punguza!"

"Nshapunguza!"

"Basi punguza tena, unaniua!"

Siku ya kwenda kupimwa, kwenye mteremko, gurudumu la mbele likajichimbia mchangani. Alitoa miguu yote miwili akaizuia, hatukuanguka. Lakini springi zile ngumu zilinirusha, nikashuka kwa kishindo, na maumivu yakanipita kiunoni mpaka tumboni. Nilifika hospitali nimeuma kanga. Damu ilikuwapo, kidogo. Nesi akanilaza, na adhuhuri damu ikakatika. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka.

Nilipotoka, mume wangu alikuwa anangoja kivulini. "Twende zetu?"

"Twende kwa fundi."

"Mama alisema..."

"Mama hapandi."

Nikatangulia mimi kwa miguu, polepole, mkono kiunoni, na yeye akaja nyuma anaikokota pikipiki yake na kuninong'oneza nisimuaibishe. Gereji ilijaa wanaume wanakunywa kahawa. Waliponiona wakashusha vikombe. Nilimwamkia fundi shikamoo, akaitikia marahaba huku ananitazama kwa mashaka, maana mwanamke alikuwa haingii mle.

"Fundi," nikasema, "ile mbata ndiyo mimi." Nikalivutia buibui tumboni, akaona.

"We mwanamke!" Mume wangu alitaka ardhi immeze.

Fundi hakunitazama tena. Alimgeukia yeye. "Alaa! Bwana wee, si ungesema? Nimekutilia springi za magunia, nawe unampakia mja mzito?" Halafu akawatoa wenzake wote nje, wakatoka na vikombe vyao. Akaniambia kwa adabu, macho kayainamisha chini, "Mwanangu, kaa unavyokaa siku zote."

Nikakaa upande, mume wangu mbele, kanuna. Fundi akapima na kijiti chake. Akazitoa zile pete, akaweka springi laini zaidi, na ndani ya miguu ya mbele ya pikipiki akatia vipande vya bomba ili pua isizame. Akatukalisha tena, akapima, akafungua tena. Mara ya mwisho akaiyumbisha pikipiki taratibu na sisi juu yake, ikapanda na kushuka pamoja, mbele na nyuma. "Sasa imekaa," akasema.

Njia nzima ya kurudi nililia mgongoni kwa mume wangu kwa furaha. Yeye alikuwa bado kanuna, na tulipofika akamwambia mama yake yote kabla hatujavua viatu.

Maumivu yenyewe yalikuja mchana mmoja, mimba haijatimia, nachagua mchele. Tukapanda. Nakwambieni, pikipiki ile ilikwenda. Mchangani haikutikisika, kwenye mashimo haikunirusha, mteremko tuliushuka kama tuko juu ya lami. Tukafika. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mdogo mno, na akalia, mimi mwenyewe nilimsikia. Akaishi mpaka karibu na magharibi.

Nesi alituita sote wawili. Akatwambia si safari, si pikipiki, si mtu. Mlango wa kizazi changu ulikuwa dhaifu, na mimba zile za mwanzo zilitoka kwa sababu hiyo hiyo. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza hata maswali.

Wanawake wakaja kunipa pole, wakakaa mikekani chumba kizima. Mama mkwe akawa anawahadithia, na hakushusha sauti. "Nilimkataza. Mkwe wangu akaenda kujionyesha gereji, tumbo nje, mbele ya wanaume wenye macho. Mnataka nini tena?" Wakaguna, wakanitazama. Kifua kilikuwa kinaniuma kwa maziwa.

Mume wangu alikuwa kasimama mlangoni, kaja kuchukua birika la chai la wanaume waliokaa barazani. Alisikia kila neno. Nikamkazia macho. Nilitaka aseme yale aliyoyasikia kwa nesi, hayo tu, kwa sauti, mbele ya wale wanawake.

"Mama," akasema.

Nikashusha pumzi.

"Mama, wanaume wanaulizia sukari."