Bei ya Mnunuzi wa Pili

Katika mji wa Strathlyn, Saskatchewan, timu ya vijana ya hoki ya barafuni haina bweni. Mvulana akisajiliwa ana miaka kumi na sita hupewa familia ya kukaa nayo hadi barafu ya uwanjani iyeyushwe, na mama wa nyumba hiyo anakuwa mama yake. Humpikia, humwamsha, na ndiye anayepigiwa simu na shule kijana akikwepa hesabu. Verna Hrycak, mjane wa miaka sitini na moja ambaye hakujaliwa mtoto, ameshalea ishirini na watatu katika chumba chake cha chini. Wengi wao leo ni mafundi bomba na wakulima. Mmoja ni polisi. Wawili tu ndio waliofika ligi kuu, na wote wawili waliangukia klabu moja, ya Regina, mwendo wa saa mbili kwa gari.

Mkubwa ni Rylan Desjarlais, beki wa miaka ishirini na minne, mtu wa kuzuia mashuti kwa mbavu na kunyamaza. Mdogo ni Colton Thiessen, mshambuliaji wa miaka ishirini na mmoja, aliyefunga mabao thelathini na mawili msimu uliopita na bado hajui kufua soksi. Walilala chumba kimoja kwa Verna msimu mmoja wa baridi. Kama ilivyo desturi ya wachezaji, kila mmoja alikatiwa jina: Dezi na Tisi.

Dezi hakuondoka kabisa. Alimwoa Maren, muuguzi wa hospitali ndogo ya mjini, wakanunua nyumba nyuma ya ile ya Verna, ua mmoja tu wa mbao katikati. Julai hiyo Maren alikuwa na mimba ya miezi saba. Walikuwa wameshakubaliana kwamba Maren akirudi zamu mtoto atashinda kwa Verna, naye Verna alikuwa ameandika barua ya kupunguziwa siku za kazi. Kwa miaka mingi hakuwa ameomba kitu chochote kazini.

Kazi yake ni mizani ya malori kwenye ghala la nafaka. Lori linapanda limejaa, linashuka tupu, Verna anaandika tofauti. Julai wakulima humwaga ngano ya mwaka jana ili kupisha mavuno mapya, na wakiwa kwenye foleni huzungumza mambo mawili, bei na hoki.

Tarehe mbili ya mwezi huo Colton alikuja na gari lake akala perogi kumi na nne, zile sambusa za viazi za kuchemshwa, bila kusema neno. Verna akamwondolea sahani.

"Haya, sema. Umempa mtu mimba au umegonga gari?"

"Afadhali hayo, mama." Akamgeuzia simu. "Mkataba wangu umekwisha. Regina wananipa dola milioni tatu kwa mwaka. Portland wameniandikia ofa ya tano na nusu, miaka mitano. Wakala anataka jibu kabla ya saa sita mchana."

"Ukisaini ya Portland unakwenda Portland?"

"Si lazima. Regina wanapewa siku saba. Wakilipa hela ileile, nabaki. Wasipolipa, nakwenda."

"Wewe unataka wapi?"

"Hapa. Kule nitampata wapi mtu wa kunipikia?"

"Oa, mvivu we."

Verna alijibu kama ambavyo mtu yeyote wa Strathlyn angejibu. Huku, mkulima hauzi ngano kabla ya kumpigia mnunuzi wa mji wa pili. Ghala linaweza kukuambia bei yoyote, lakini siku unapofika na bei ya jirani mkononi, wanapandisha, kwa sababu ngano wanaitaka. Mwenye bei moja hana bei. Marehemu mumewe, Orest, aliisema kanuni hiyo hata kanisani.

"Saini," alimwambia. "Regina hawawezi kukuachia. Watalipa, utabaki, na utakuwa umepata haki yako."

Colton alisaini kwa kidole, pale pale mezani, saa tano na dakika arobaini.

Jioni Verna alimweleza Rylan, kila mmoja akiwa upande wake wa ua. Rylan alicheka hadi akashika mbao.

"Tano na nusu! Yule asiyejua kufungua kopo? Sasa pizza zote atalipa yeye." Kisha kicheko kikakatika. Alitazama nyasi, midomo ikitembea kidogo kama mtu anayejumlisha. Verna alimwuliza kuna nini. Akasema mbu wamezidi, akaingia ndani.

Jibu alilipata kesho yake, kutoka kwa Metro Sawchuk, mkulima wa miaka sabini aliyekuwa amesimamisha lori lake juu ya mizani.

"Verna dada yangu, pole. Naona mmoja wa wanao atamlipia mwenzake."

"Una maana gani, mzee we?"

"Kikomo cha mishahara. Ligi imepiga mstari, jumla ya mishahara haipiti hapo hata kama mwenye klabu ana visima vya mafuta. Regina walibakiza nafasi ya milioni tatu tu. Tisi anataka tano na nusu. Mbili na nusu zitoke wapi? Mtoto wako Dezi anakula ngapi?"

Verna alijua. Milioni mbili na laki sita.

"Wanaweza kumwondoa mwingine."

"Wengine wote mikataba yao ina kifungu cha kutouzwa, au wameumia, au hakuna anayewataka. Dezi anatakiwa kila mahali. Huo ndio ubaya wa kuwa mzuri wa bei nafuu." Akapiga honi kidogo. "Niandikie basi, nina watu nyuma."

Maisha yake yote Verna alikuwa amepima biashara ambayo mnunuzi akiongeza bei ya lori moja, lori la nyuma halipungukiwi kitu. Alimwandikia Metro hati yake, akakosea tarakimu, akaiandika upya. Msimamizi wake anasema halikumbuki kosa jingine.

Wakati wa mapumziko alimpigia Colton.

"Irudishe ile ofa."

"Hairudi, mama. Ukishasaini imetoka mkononi. Hata mimi siruhusiwi kusema lolote tena. Ni Regina tu sasa."

"Ulijua habari ya Dezi?"

"Nilidhani watamwondoa yule kipa wa akiba. Si kila mtu alimsema yule?"

"Kipa wa akiba analipwa nini?"

"Laki nane."

"Tisi!"

"Hesabu nilikuwa nakwepa, mama. Wewe ndiye ulikuwa unapigiwa simu."

Hakucheka hata mmoja wao.

Alipiga simu klabuni Regina. Msichana mwenye sauti nzuri alimshukuru kwa kuwa shabiki mwaminifu akasema ujumbe utafikishwa. Alipiga tena siku ya nne, akajitambulisha kuwa ni mama mlezi wa wachezaji wao wawili. Msichana akamshukuru tena. Akamwandikia meneja mkuu barua ya kurasa mbili, akaichana, kwa sababu ilibidi aseme anachoomba, na alichokuwa anaomba ni kwamba Colton aachwe aende.

Huko ndiko alikokuwa amefika. Regina wakilipa, Rylan anauzwa, na mtoto anazaliwa mahali Verna hajawahi kupaona. Wasipolipa, yule aliyemwambia "utabaki" anakwenda Portland peke yake. Jumapili kanisani aliwasha mshumaa mmoja. Rafiki yake Olha alipomwuliza ni wa nani, Verna alisema hajui bado.

Wakati huo Maren alikuwa akipaka rangi chumba cha mtoto. Rylan alimshikia ngazi na hakumwambia aache.

"Usipake tabaka la pili," Verna alimsikia akisema mara moja tu, dirisha likiwa wazi.

"Kwa nini?"

"Basi tu. La kwanza limekaa vizuri."

Siku ya sita, saa tano asubuhi, redio ya kwenye kibanda cha mizani ilitangaza kwamba Regina wamelinganisha ofa ya Portland kwa hela ileile. Colton Thiessen anabaki miaka mitano, na kwa kanuni za ligi klabu iliyolinganisha ofa haiwezi kumuuza mchezaji huyo kabla ya mwaka kupita. Madereva watatu kwenye foleni walipiga honi kwa furaha. Mmoja aliteremka akaja kumshika mkono Verna. Alasiri, saa tisa na robo, ilitangazwa habari ya pili, fupi zaidi: beki Rylan Desjarlais ameuzwa Halifax kwa haki ya kuchagua kijana mmoja mwakani, ligi itakapogawa wachezaji wapya. Honi hazikupigwa.

Walikula kwa Verna jioni hiyo, wote wanne, kwa sababu hakuna aliyejua mahali pengine pa kwenda. Colton alifika wa mwisho akasimama mlangoni na viatu miguuni.

"Nimewaambia wanipunguzie," alisema. "Nimewaambia nitachukua tatu, wamwache Dezi."

"Wakasemaje?" Rylan aliuliza.

"Mkataba ukishapita haupunguzwi. Hata nikitaka mwenyewe. Wakala alinicheka."

"Hata mimi nakucheka. Vua viatu, ukae, ule."

"Kaka, mimi..."

"Tisi. Kaa."

Akakaa. Verna alikuwa bado amesimama na bakuli la krimu. Alisema kwamba yeye ndiye aliyemwambia asaini. Alisema alifikiri ni kama ngano. Alilisema la ngano mara mbili, na mara ya pili sauti haikumtoka vizuri.

Rylan alimpokea bakuli. "Mama, hata mimi ningemwambia asaini. Tano na nusu ni tano na nusu."

"Lakini ungejua."

"Ningejua," alikiri. Akajipakulia, kisha akampakulia Colton, ambaye alikuwa akilia wazi kama mtoto huku anakula.

Maren alikuwa ameweka mkono chini ya tumbo, mahali ambapo mtoto huwa anapiga teke saa za chakula.

"Halifax," aliuliza, "hospitali ya uzazi iko wapi? Iko mjini au unakwenda mbali?"

Hakuna mtu mezani aliyejua. Verna alisema atatazama. Akaenda chumba cha pili, akafungua kompyuta, akavaa miwani. Alipotafuta, ramani ilimpa kwanza kitu ambacho hakukiuliza: kutoka Strathlyn, kilomita elfu nne mia moja na kumi. Kisha akarudi jikoni akamsomea Maren majina ya hospitali mbili na mitaa yake. Hizo kilomita hakuzitaja.