Chenga na Maji ya Radhi

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote nilizofanya kazi studio Malindi, mwanangu, ni ile aliyokuja Mama Kadzo kutoka Ganda, mkanda wa video kaufunga ndani ya leso.

Cheka tu. Wewe leo unaletewa video ya simu iliyobanwa ikabanwa tena, hadi uso wa mtu umekuwa vigae, nawe unaipitisha kwenye kompyuta yako inang'ara. Sisi miaka ile ya themanini tulikuwa na deki mbili na kitambaa cha spiriti. Lakini maradhi ni yale yale. Aliyepiga picha za harusi ya Kadzo, binti wa mama huyo, alirekodi mkanda ukienda polepole, ili sherehe nzima iingie mkanda mmoja. Ikatoka chenga tupu, kama picha imenyunyiziwa chumvi.

Mama Kadzo alitaka nakala ya kumpelekea bintiye, aliyeolewa Kisumu. Baba mtu alikuwa amefariki, na Kadzo, mimba imemfikia mwisho, hakuweza kuja kuzika. Tangu hapo kazi yake kulia, kwamba babake kaondoka bila kuagana naye.

"Nataka amwone babake akimpa radhi," mama aliniambia. "Shemeji yangu anasafiri kesho, atampelekea."

Nami nilikuwa fundi, tena wa kujisikia! Nikakizungusha kile kidude cha kulainisha picha, chenga zikayeyuka zote. Picha ikawa laini kama tui. Nikamwita mama aje aone, nasubiri kusifiwa.

Akatazama, akasogea karibu na kioo. Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, maji yako wapi?"

"Maji gani, mama?"

"Ya babake Kadzo. Kwetu Wagiriama, siku ya harusi baba hutia maji kinywani, akampulizia bintiye kifuani. Ndizo radhi zenyewe hizo. Hapa namwona mume wangu kafura mashavu tu, kama anayepuliza jiko. Umemfutia Kadzo radhi za babake."

Lahaula! Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Manyunyu yale madogo yalikuwa yamekwenda pamoja na chenga. Deki itajuaje lipi uchafu, lipi baraka?

Hakunifokea, yule mama, na hapo ndipo nilipompenda. Alivuta kigoda akaketi ubavuni mwangu. "Haya, tuanze upya," akasema, "na safari hii mimi nitakuwa macho yako."

Bahati njema mkanda wenyewe ulikuwa mzima. Nikafungua deki, nikaipangusa kwa spiriti ndani, pale mkanda unaposomwa. Nikarekebisha kidogo kidogo mpaka michirizi ikatulia. Chenga zilizobaki nikataka kuzifuata, mama akanishika mkono.

"Ziache. Heri nimwone na chenga zake."

Na kweli, Baba Kadzo alipofura mashavu, manyunyu yakaonekana yakiruka. "Yale!" mama akapiga ukelele, analia na kucheka kwa pamoja, nami nikalia naye, fundi mzima.

Kadzo alipokuja Malindi baadaye, alinipitia dukani na mwanawe mgongoni. Aliniambia mkanda ulipofika pale kwenye maji, alimvua mtoto nguo, akamsogeza kifua wazi mbele ya televisheni, ili yampate na yeye.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiletewa picha chafu usikimbilie kusugua. Muulize kwanza mwenyewe anamtafuta nani humo ndani. Safisha chombo chako kabla ya kugusa uso wa mtu, ile ya awali usiiharibu kamwe, na ujue pa kukomea. Kizuri hakikosi ila, walisema wazee, na ukiifukuza sana ila, kizuri nacho kitaondoka.

Mungu akupe jicho la kuona na mkono wa kujizuia. Mimi si Mgiriama, lakini Mama Kadzo alinifundisha. Nipe hiyo gilasi ya maji, kisha sogea hapa karibu. Na usijipanguse.