Mashanza Si Pambo la Meza

Nakumbuka siku moja mama yangu aliwatoa sebuleni wanaume wawili wenye heshima zao, akawapeleka jikoni, akawakalisha penye moshi mpaka machozi yakawatoka. Nitafika huko, mwanangu. Kwanza acha nikueleze kwa nini nimeikumbuka siku hiyo, maana nina hasira, na hasira ya mzee ikikaa sana tumboni inageuka ugonjwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye mahari ya mjukuu wangu Noella, ile sherehe mnayoiita dot, hapa hapa Bukavu, katika ukumbi ambao hata viti vilivishwa nguo. Chakula kiliagizwa kwa traiteur, mpishi wa kukodi: wali, kuku wa barafu, viazi vya kukaanga. Sikunung'unika. Kuku ni kuku. Lakini kando palikuwa na meza ndogo iliyotandikwa majani ya mgomba. Juu yake waliweka kibuyu, mwiko mpya ambao haujawahi kuona bugali, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, sombe kidogo ya majani ya muhogo ndani ya bakuli, na katikati kabisa donge la mashanza, maziwa yetu yaliyogandishwa, yakapikwa na kuchujwa. Vijana walipanga foleni hapo kupiga picha. Mmoja alivaa shati lililoandikwa kwamba anajivunia kuwa Mushi, mtu wa kabila letu. Akainua mashanza mpaka karibu na mdomo, akatabasamu, akapigwa picha, akayarudisha mahali pake.

Nami nikasogea, lakini mimi nilisogea ili nile. Nilipokuwa mtoto, likizo zangu zote zilikuwa Nyantende kwa mjomba, kati ya ng'ombe, na mashanza nayajua tangu yakiwa maziwa. Nilionja kidogo tu. Yalikuwa yameharibika, yanawasha ulimi. Nikamwita mwenye sherehe.

"Noella, hii mashanza iliharibika."

"Tate, ile si ya kukula," akanijibu akicheka, kwa kuwa bibi yake, mke wangu, ananiita hivyo, Tate. "Ni ya décoration. Batu banapiga tu picha."

"Na kama mukwe anataka kukula?"

"Tate nawe! Nani atakula mashanza na kuku iko?"

Sherehe ilipokwisha, nilimwona msichana wa traiteur akikunja ile meza. Alishika majani ya mgomba pembe zote na kumwaga kila kitu kwenye mfuko wa takataka, samaki, sombe, mashanza, pamoja. Simlaumu yule msichana, alifanya kazi yake. Binti yangu mwenyewe, mama yake Noella, alikuwa amesimama pale na hakushtuka, kwa sababu naye hajui mashanza yanapikwaje. Usiniulize ni nani hakumfundisha. Jibu ninalo, na ndiyo maana hasira hii ina makali.

Sasa sikiliza habari ya jikoni.

Dada yangu mkubwa, Faida, aliposwa na mwalimu kijana wa upande wa Kabare. Alimpenda kijana huyo mpaka akawa anaunguza maharage kila siku, na sisi tunakula tukinyamaza. Baba yetu alikuwa karani katika ofisi moja mjini, tukikaa Kadutu. Alikuwa mtu wa viatu. Alivaa viatu hata ndani ya nyumba. Na kwetu, maneno ya ng'ombe wa mahari hayakufungwa mpaka wakwe wale bugali uliosongwa na mama wa binti, na kitoweo cha heshima kilikuwa mashanza. Wakwe wakiondoka bila kula, basi, posa imekufa. Jambo hilo hata mtoto alilijua.

Mama alikuwa ameletewa maziwa na kaka yake kutoka Nyantende. Aliyaacha kwenye kibuyu mpaka yakaganda, akatoa siagi, yakabaki tayari kwa moto. Asubuhi ya siku yenyewe Baba akaingia jikoni.

"Leo sitaki kuona mashanza mu nyumba yangu," akasema. "Batu ya ofisi banakuya pia. Utaweka mukate, samaki ya mukebe na bière."

Mama alifunika kibuyu kwa jani, akaendelea kufagia.

Wakwe wakafika. Msemaji wao alikuwa babu yake kijana, mzee wa koti refu na ulimi mkali. Aliutazama mkate, akaitazama mikebe iliyofunguliwa, akakunja mikono kifuani.

"Nilikuya kuomba mutu," akasema. "Munanipa mukebe?"

"Muzee, dunia ilibadirika," Baba akajibu. "Hii ndiyo chakula ya batu balisoma."

"Kama hamuna hata maziwa ya kugandisha, museme. Sisi hatuoi kwa batu balisahau kwabo."

Ikawa vita. Mmoja anatupa neno, mwingine analirudisha na la kwake juu. Sebule nzima ikawa inatazama huku na huku. Mzee akachukua kofia yake, akasimama, na ndugu zake wote wakasimama naye. Nyuma ya pazia Faida alikuwa ameuma kitenge chake ili asilie kwa sauti. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia, na nyasi zenyewe zilikuwa dada yangu.

Hapo ndipo Mama akaingia, mwiko mkononi. Hakupiga magoti kama wanawake wa wakati ule walivyofanya mbele ya wakwe.

"Baba Faida, wewe unakatala mashanza. Na wewe, muzee, unaililia. Nani kati yenu alishaikoroga? Mukono ya nani inaungua?" Akawaelekeza kwa mwiko, mmoja baada ya mwingine. "Kuyeni ku jikoni. Mutajua kwanza ile kitu munapigania."

Mzee alimtazama Baba, Baba akavitazama viatu vyake. Mpaka leo sijui ni kitu gani kiliwasukuma, aibu au mshangao, lakini walikwenda, mzee mbele na Baba nyuma. Mama akawakalisha kwenye vibao vifupi, magoti yakawafika kidevuni. Akamimina maziwa yaliyoganda ndani ya chungu, akapunguza kuni, akampa mzee mwiko.

"Pole pole, muzee! Moto ikikuwa kali, itakuwa nguvu sawa kiatu. Na wewe Baba Faida, shika kitambaa. Shika vizuri!"

Mzee alikoroga kwa haraka, akakaripiwa. Alikoroga tena taratibu, moshi ukimwingia machoni, mpaka maziwa yakaanza kujitenga na maji yake. Mama akayamimina kwenye kitambaa alichoshika Baba, na yale maji ya moto yakamtiririkia kwenye mikono ya shati mpaka viwikoni. Baba alipiga kelele lakini hakuachia. Mimi nilikuwa mlangoni nimeziba mdomo nisicheke. Bugali Mama aliusonga mwenyewe. Alisema hiyo si kazi ya kumpa mtu anayejifunza huku wageni wana njaa.

Wakala wote pamoja, chini, kwa mkono. Mzee alishika tonge lake, akaligeuza vidoleni.

"Tangu nizaliwe nakula hii kitu," akasema polepole. "Nilikuwa nazani inatoka tu ku chungu."

Baada ya hapo maneno ya ng'ombe hayakuchukua muda. Faida aliolewa, akazaa, na mpaka alipofariki hakuunguza tena maharage.

Lakini neno nililolibeba mimi lilitoka jioni hiyo, wageni walipokwisha kwenda. Nilikuwa nasugua chungu. Mama akaketi karibu yangu, bado ana hasira, akasema: "Mutoto yangu, mutu anakatala chakula ya kwabo, hawezi kuiua. Iko siku njaa itamurudisha. Anayeiua ni ule anaisifu na hajui kuipika."

Sikumwelewa. Nilidhani ni uchovu. Jumamosi iliyopita, mbele ya ule mfuko wa takataka, nilimwelewa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, wewe mwenye lile shati la kujivunia, niliyekuona ukiyarudisha mashanza mezani. Unapenda kuniambia mwacha mila ni mtumwa. Ni kweli, lakini mila ya kwenye picha haijawahi kushibisha mtu, na debe tupu haliachi kuvuma. Kama unaipenda sombe, itwange wewe mwenyewe mpaka mkono ukuume, uikaange kwa mawese, ujue ni saa ngapi haijaiva. Kama unapenda sambaza, nenda asubuhi ufukweni ukachague walio wabichi, usiletewe tu kwenye sahani. Songa bugali mpaka uache kushika sufuria. Na usiniambie hakuna ng'ombe! Najua hawapo. Ng'ombe wa mjomba wangu walichukuliwa na wenye bunduki, na wa majirani zake vilevile. Lakini maziwa bado yanakuja mjini kwa barabara ya Kavumu, kidogo kidogo, na kwa kuwa vita vilikula mifugo, kilichobaki kwetu ni mikono inayojua. Mikono hiyo nayo tukiizika, tutabaki na nini? Na wewe kijana wa kiume usijifiche nyuma ya dada zako. Baba yangu alishika kitambaa, hakufa.

Noella nimemwambia aje kwangu kabla ya ndoa ya kanisani, pamoja na mchumba wake. Mchumba ndiye atakayeshika kitambaa. Amenijibu, "Sawa Tate, nitakuya na téléphone tuchukue video." Nimemwambia simu aiache kwa mama yake, au bora zaidi, amlete mama yake na simu ibaki nyumbani.

Hasira imeanza kushuka, mwanangu. Inama nikubariki. Mungu akupe maziwa na akupe moto mdogo wa kuyatosha. Mikono yako iungue kidogo, ipone, na isisahau. Akupe wakwe wenye njaa na nyumba yenye cha kuwapa. Na siku mtakaponizika, mashanza msiyaweke kando ya picha yangu. Asikosekane kati yenu mtu wa kuwapikia waliokuja kunililia.