Mgeni Aliyekaribishwa Kucheza

Mimi sina subira na darasa linaloitika kwa pamoja. Nilipohamishwa kutoka Mikumi kuja kufundisha Kiingereza katika shule moja ya Masanze, huku Kilosa, asubuhi ya kwanza darasa la nne zima lilisimama likanipigia "gudi moning, ticha" mpaka popo wakashtuka darini. Nikafurahi. Nikamwambia mmoja anisalimie peke yake. Kimya. Nikamnyooshea kidole wa pili. Kimya. Jamani! Kule Mikumi watoto wa kando ya barabara kuu wanadaka Kiingereza kwa watalii. Ni kibovu, lakini wanakisema bila haya. Hawa wa kwangu midomo yao ilifanya kazi kwa pamoja tu, ukiitenganisha inakufa.

Ndipo nikatengeneza ule mchezo. Nilikunjua boksi la biskuti, nikachora vyumba, ngazi na nyoka, na ndani ya kila chumba picha: ng'ombe, jembe, mtu anachota maji. Kete yako ni kizibo cha soda. Ukifika chumbani, unasema sentensi ya Kiingereza juu ya picha uliyoikuta. Ukishindwa, unarudi ulikotoka. Dadu niliikata kwenye kandambili iliyochakaa, lakini mzee mmoja wa kamati ya shule akaiona, akanifuata ofisini. "Mwalimu, hiyo ni kamari, na watoto wetu ni Waislamu." Nilikuwa na jibu, nikalimeza. Nikaitupa dadu, tukawa tunarusha vizibo chini na kuhesabu vilivyolala chali. Mzee akaridhika, mimi nikaendelea kununa.

Aliyenishangaza kwenye mchezo huo alikuwa binti mmoja wa wafugaji waliotokea upande wa Msowero. Alichelewa kuanza shule, kwa hiyo alikuwa mrefu kuliko wenzake, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya nyumbani kwao. Akifungua mdomo kwenye somo lolote, darasa linaangua kicheko. Akaacha kuufungua. Lakini Kiingereza, aisee, hakikuwa cha mama wa mtu yeyote pale. Wote walikuwa wageni. Nani amcheke nani? Alianza kwa kunong'ona, baadaye akasema, halafu ikafika siku anawarekebisha watoto wa Masanze, mkono kiunoni, na ukimkatisha anakukata jicho. Nilimpenda yule mtoto. Sitaki kuzunguka maneno, nilimpenda.

Kisha mvua zikagoma, majani yakaisha. Baba yake akaleta ujumbe kwamba wanahama na ng'ombe. Palikuwa na shangazi hapo Masanze aliyekuwa tayari kukaa na mtoto amalize shule, lakini baba alitaka kwanza aje mwenyewe aone kama kuna kitu mtoto anapata. Akikiona, anamwacha kwa shangazi. Asipokiona, anaondoka naye. Basi, hakuna rufaa. Na mimi, kwa ujinga wangu, nililala usingizi mzuri. Nilijua nina kitu cha kumwonyesha.

Baba alikuja na shuka lake na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba. Binti akamwendea ameinamisha kichwa, baba akamgusa utosini, kama wanavyosalimiana kwao. Mpango wangu ulikuwa rahisi: binti acheze na wenzake kama kila siku, baba akae nyuma asikilize. Lakini mwalimu mkuu wetu ni mtu wa Mamboya aliyekulia misheni, na kwake mgeni hakai nyuma.

"Haiwezekani," alisema. "Mzazi atembee kote huko halafu tumweke pembeni? Mzee, karibu ucheze na mwanao."

Akawaondoa watoto wengine kwenye benchi, akamkalisha baba uso kwa uso na binti yake, akamkabidhi vizibo. Darasa likapiga makofi.

Baba akarusha. Akaangukia picha ya kuku, mwalimu mkuu akamsemea sentensi kwa mbwembwe. Ikawa zamu ya binti. Akarusha, kizibo chake kikafika kwa ng'ombe. Ng'ombe! Sentensi za ng'ombe alikuwa nazo tele: wa kukamwa, wa kuchungwa, wa kupotea. Akatazama magoti yake. Nikamhimiza polepole. Akakirudisha kizibo alikokitoa. Zamu iliyofuata alifika mguuni pa ngazi ambayo ingempandisha hadi juu ya baba yake. Hakupanda. Hapo ndipo nikaelewa. Kwao mtoto hapazi sauti mbele ya baba yake, seuze kumpita mbele ya watu. Nikamkonyeza mwalimu mkuu amwinue mzee. Yeye akadhani nampongeza, akanitabasamia. Lo!

Baba akasimama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. "Asante, mwalimu," aliniambia. "Umejitahidi." Akatoka, binti akachukua mkoba wake akamfuata.

Niliwakimbilia nikawapata karibu na goli la uwanja wa mpira, nimeshasahau kwamba nina darasa. "Mzee, mtoto anajua," nilisema, nahema. "Anajua kuliko wote mle ndani. Amenyamaza kwa sababu yako wewe. Ni heshima tu, mzee wangu. Anakuheshimu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mpole kiasi cha kuniumiza.

"Mwalimu," akasema, "mama yake alipougua tulikaa kwenye benchi la hospitali toka asubuhi. Watu wenye makoti meupe wanapita, wanarudi. Mimi sikuweza kumsimamisha hata mmoja nikamwambia huyu mke wangu anakufa. Basi akafa pale pale nimemshika. Huyu nilimleta kwenu ajifunze kusema mbele ya wakubwa. Kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, kwa chochote."

"Lakini huyu ni heshima iliyomnyamazisha," nikarudia.

"Hata mimi siku ile nilinyamaza kwa heshima."

Nilimgeukia binti. Nikamwomba aseme kitu, kitu chochote, hata cha kunitukana. Na baba yake, nashuhudia, alisubiri. Aliegemea fimbo yake akasubiri kwa muda mrefu, anamtazama. Kisha wakaondoka.