Kiangazi Kwenye Ngitili ya Mto

Jumapili nyingi, baada ya ibada, hutoka nyumbani Igogo nikapanda gari la Kisesa, kisha nikatembea hadi kwenye hifadhi ndogo ya mto iliyotengwa na wanakijiji. Hakuna simba wala tembo. Kuna mafunjo na matete kandokando ya maji, uwanda wa nyasi upande wa juu, njia ya miguu, na benchi moja la mbao ambapo watu wa mjini hukaa kutazama minana wakifuma viota.

Mimi ni fundi cherehani. Habari za mimea nimezisoma kwenye vitabu vya mitumba, na ninachosoma hupenda kukihakikisha. Kwa hiyo safari moja nilijaza maji kwenye chupa mbili: moja pale mto unapoingia kwenye mafunjo, nyingine pale unapotoka kuelekea ziwani. Niliziweka dirishani zitulie. Ya kwanza ilishusha tope zito, rangi ya chai ya maziwa. Ya pili ilikuwa na utando mwembamba tu chini. Tangu hapo nayaheshimu mafunjo kama ninavyoiheshimu mashine nzuri, isiyo na kelele na mshono wake umenyooka.

Hifadhi hii haina uzio wa waya. Kikundi cha wanakijiji wanaoilinda kiliamua kuitunza kama ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga nyasi zikue, kisha huyafungua kiangazi kwa makubaliano ya wote. Mpaka wake ni mstari wa minyaa, vichaka vile vya utomvu mweupe, ambao hata mtoto angeweza kuupenya. Mwenyekiti wa kikundi ni mama mmoja mjane, mfugaji, mtu wa maneno machache.

Kiangazi kilichopita mvua zilichelewa. Nilimkuta mama huyo amesimama kwenye pengo la minyaa, na mbele yake shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akiwa na kundi la ng'ombe waliotokeza mbavu.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Kaa pembeni kidogo, baba. Hapa kuna mgeni mkaidi."

"Mgeni?" shemeji alidakia. "Mimi niliyekula ubwabwa wa harusi yako?"

"Ulikula sana. Ndiyo maana nakukumbuka."

Shemeji alicheka, lakini fimbo yake ilikuwa imeelekea mtoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ndama mmoja alikuwa ameshindwa kusimama asubuhi hiyo. Alitaka ng'ombe wake waingie mara moja tu, wale, watoke.

"Wakiingia wako, kesho wataingia wa kijiji kizima," mama alijibu. "Kwato zitavunja ukingo, mafunjo yataondoka, na mto utakuwa mfereji wa tope."

"Rahisi kusema. Wako wanakula wapi?"

Mama alinyoosha mkono kuelekea nje ya minyaa. Chini ya mgunga walikuwa wamefungwa ng'ombe wake, wamekonda kama wale wengine. Shemeji aliwatazama, akaishusha fimbo.

Nilidhani mama ameshinda, na kwamba mambo yangeishia hapo. Lakini mama alitoa filimbi shingoni, ile ya walinzi wa kijiji, akaipuliza.

"Unanipigia filimbi mimi, shemeji? Nimekuwa mwizi wa ng'ombe wangu mwenyewe?"

"Tulia. Ngitili haifunguliwi na mtu mmoja. Nawaita wenzangu."

Wanakikundi walifika mmoja mmoja, wengine bado na nguo za kanisani. Walijadiliana palepale, wamesimama. Mmoja alitaka wasubiri siku iliyopangwa. Mama akamwambia ndama hasomi kalenda. Mwishowe walikubaliana: nyasi za uwanda wa juu zifunguliwe leo, kwa kila mwenye mifugo, lakini kwa mundu tu. Nyasi zitoke, ng'ombe wasiingie. Maji wakanywe kwenye birika la mifugo lililo nje ya mpaka.

"Nikate kwa mkono? Kundi lote hili?" shemeji aliuliza.

"Mdomo wako haujawahi kuchoka. Tuone mikono."

Alivua viatu, akapokea mundu. Mama alikata pembeni yake, na mzigo wake wa kwanza haukwenda kwa ng'ombe wake. Aliutua mbele ya ndama yule. Mimi nilibeba nilichoweza, shingo ikaniwasha hadi Jumatatu.

Nimeona uzio wa aina nyingi mjini, wa kuta na wa vigae vya chupa. Sijaona ulio imara kama ule mstari wa minyaa.

Mvua ziliponyesha nilirudi na chupa zangu. Ukingo ulikuwa mzima, mafunjo yamenyooka. Shemeji alikuwa kwenye pengo lile la minyaa, akimrudisha nje ng'ombe wa jirani.

"Mpeleke kwenye birika!" alimfokea mwenye ng'ombe. "Au nipige filimbi?"

Ile filimbi ya walinzi ilikuwa inaning'inia shingoni mwake.