Natsue na Mguu Uliofichwa

Hapa mjini Yonabaru hakuna asiyemjua Natsue Toguchi. Tofu yake, jibini laini la maziwa ya soya, huuzwa ikiwa bado ya moto, na hasira yake vilevile. Vyote viwili alivirithi kwa mama yake. Alfajiri husaga soya, hukoroga masufuria kwa mwiko mrefu kama kasia, kisha huzipakia sinia zake kwenye mkokoteni na kuzisukuma hadi sokoni. Jioni alikuwa akienda uani kwa Mwalimu Ishimine kujifunza karate.

Mwalimu Ishimine alifundisha kama baba yake alivyomfundisha. Mwanafunzi alipewa mfululizo mmoja wa miondoko, akaurudia miaka na miaka bila kuongezewa kitu. Kuuliza huu mkono ni wa nini, au kwa nini mguu uende hapa, kulihesabiwa utovu wa adabu. Aliyetaka kujua aliangalia. Natsue hakuuliza. Aliangalia, akarudia, akatoka jasho, mpaka mwalimu mwenyewe, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, akasema mbele ya watu kwamba mfululizo wa binti Toguchi ni safi.

Mazoezi ya wote yalipokwisha, wanaume walizunguka nyuma ya nyumba. Huko walifundishwa kila mwondoko unamfanya nini mtu mwenye nyama na mifupa. Natsue, mwanamke pekee katika kundi lile, alibaki mbele akiosha vikombe na kuchemsha maji ya chai. Alijiambia kwamba zamu yake itafika mfululizo wake utakapokomaa. Aliliamini jambo hilo kwa moyo wake wote.

Mwaka jana, msimu wa kukata miwa, msimamizi mmoja wa ujenzi alianza kufika sokoni mchana akinuka pombe ya mchele. Alikuwa na tabia ya kushika alichotaka kununua na asichotaka kununua. Siku moja alifika kwa Natsue.

"Mama Tofu," alisema, "mikono laini hivi, na mume huna?"

"Nunua au pita."

Akamkamata kifundo cha mkono na kumvuta. Natsue hakuogopa. Alisimulia baadaye kwamba karibu afurahi, kwa kuwa mshiko ule ndio hasa ambao mfululizo wake ulianza nao. Aliinua mkono kama alivyofundishwa, akapeleka mguu wa kushoto mbele kama alivyofundishwa, kwa usahihi ule uliosifiwa mbele ya watu, na akajikuta kifuani pa yule mlevi, shavu lake kwenye vifungo vya shati. Mlevi akamkumbatia. Sinia ikapinduka. Kifundo kikapindwa mpaka kikalia.

Aliyemwokoa ni Bi Kamado wa meza ya samaki ya jirani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kwa kumpiga mlevi usoni na samaki mbichi, upande huu na upande ule, mpaka akamwachia na kukimbia huku akifuta magamba machoni.

Soko zima lilicheka. Bi Kamado alimsaidia kuokota sinia, lakini naye hakuweza kujizuia.

"Mwanangu, hiyo karate yako ni ya kumkaribisha mgeni?"

Natsue alikuwa anautazama mguu wake wa kushoto.

Kesho yake Seiji Nakandakari, mwanafunzi mkuu wa mwalimu, alikuja kununua tofu. Aliuona mkono umefungwa kitambaa, akauliza. Natsue akamweleza yote, hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mguu, Seiji aliacha kutafuta sarafu mfukoni.

"Uliupeleka mbele?"

"Kama nilivyofundishwa."

Seiji akageuza macho, akawa anaangalia meza ya samaki.

"Kaka Seiji, nakuuliza. Nyinyi wa nyuma ya nyumba mguu mnaupeleka wapi?"

"Dada Natsue, mambo hayo si ya kuulizana sokoni."

"Basi hii tofu si ya kuuzwa sokoni. Iweke chini."

Seiji aliirudisha tofu taratibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kila ukoo una mfululizo wa kuonyesha na mfululizo wa kutumia. Wa kuonyesha hubadilishwa mahali fulani, mguu hapa, kiganja pale, ili ukitoka nje ya nyumba utoke bila meno. Ndivyo mababu walivyolinda mali yao. "Na mwanamke," alisema, "mwisho wake huolewa. Huondoka na mali kwenda kwa watu wengine."

"Nina miaka arobaini na mmoja. Nimeolewa na sufuria."

"Si mimi niliyeamua."

"Wewe ulikunywa chai niliyochemsha ukijua."

Seiji aliondoka mikono mitupu.

Natsue aliuza tofu yote siku ile bila kumtazama mteja hata mmoja machoni. Kicheko cha soko angeweza kukisamehe. Kilichomchoma ni kwamba kadiri alivyojitahidi, ndivyo alivyozidi kuwa hodari wa uongo. Kila jioni aliyorudia hatua ile, mwalimu alisimama pembeni, akaiona, akatikisa kichwa kuikubali.

Jioni alikwenda uani. Alifanya mazoezi ya wote, kimya. Wanaume walipozunguka nyuma, aliliacha birika mahali pake na kuwafuata.

"Birika linakungoja," alisema mmoja wao.

"Nenda ukalichemshe wewe."

Mwalimu Ishimine aligeuka. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, miguu imepinda kidogo. "Binti Toguchi, rudi mbele."

"Mwalimu, mguu unakwenda wapi?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza mzee yule swali uani kwake.

"Mtaka cha mvunguni huinama," alisema mwalimu.

"Nimeinama mpaka mgongo umepinda, mwalimu. Mvunguni hamna kitu, mlikihamisha."

"Una hasira. Mtu mwenye hasira hafundishiki. Nenda nyumbani."

"Kifundo hiki kiliteguliwa na mafundisho yako, si na mlevi."

"Nimesema nenda."

Natsue alifanya kana kwamba anakwenda. Alipofika usawa wa mwalimu, alimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima na kumvuta kwa nguvu zote za mtu anayesukuma mkokoteni kila siku ya Mungu.

Mzee hakupata nafasi ya kuamua. Mwili wake uliamua. Mguu wa kushoto ulirudi nyuma kwa mshazari, kiuno kikashuka, mkono uliokamatwa ukaenda nyongani na kumvuta Natsue kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Mkono wa pili ukashuka juu ya kiwiko chake. Natsue alianguka kifudifudi, akala vumbi la ua alioufagia mwenyewe.

Wanaume hawakusogea. Mwalimu alikuwa ameachia mkono na kuutazama kama si wake.

Natsue alisimama. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Hakuinamisha kichwa, hakusema asante. Palepale mbele yao, akaufanya mwondoko: mguu nyuma kwa mshazari, kiuno chini, mkono nyongani. Akarudia. Akarudia tena, na kila mara ulitoka na meno zaidi.

"Kiuno hakijashuka," alisema mwalimu. Neno lilimtoka kabla hajalizuia, na uso wake ukaonyesha kwamba amelijutia.

Natsue alishusha kiuno. Kisha akamsogelea tena yule mzee, jicho kavu, na safari hii mkono wake ulimwelekea kolani, mahali ambapo mwondoko wa pili wa mfululizo unaanzia.