Mjane wa Dirisha la Tatu

"Mimi mgonjwa hajawahi kupotea mkononi mwangu, na hata huu mtambo wenyewe utaniita mwalimu!"

Shangazi yangu aliyasema hayo kwenye kipaza sauti siku hospitali kuu ilipozindua kompyuta zake, mbele ya wakubwa wenye tai na wagonjwa waliokuwa wanaomba tu hotuba ziishe wapate dawa. Hakuna aliyemkaribisha kusema. Mshereheshaji alimpa kipaza sauti amshikie kidogo, afunge kamba za kiatu.

Wakati huo alikuwa mkuu wa masjala, chumba chenye mafaili mpaka darini na panya ambao kwa kutafuna kule wangeshapata udaktari. Hospitali nzima walimwita Kamanda. Ukifika kwake bila kadi, anakutazama mpaka unaanza kujisikia mzima.

Mafaili yakapelekwa stoo, Kamanda akawekwa dirisha la tatu na kompyuta yake. Mwanzoni alibonyeza kila kitufe kama anaua mende. Lakini alijifunza, tena haraka kuliko wenzake wote, na balaa likaanzia hapo.

Ilikuwa hivi. Mgonjwa akifika anafunguliwa ukurasa wa siku hiyo. Akiondoka, lazima ufungwe. Usipofungwa, jina lake linabaki jekundu, na msimamizi wa makarani alikuwa na ugomvi binafsi na rangi nyekundu. Jioni anapita nyuma ya viti: "Naona wekundu hapa. Hakuna kwenda nyumbani."

Sasa wagonjwa wetu hawaagi. Mtu akishapata dawa, au akishachoka kuzingoja, anatokea mlango wa nyuma kimyakimya. Utamfungaje? Ukibonyeza "Amepona", mtambo unataka jina la daktari na idhini yake, na daktari naye ameshatokea mlango huohuo. Ukibonyeza "Amehamishwa", unaulizwa wapi, kwa gari gani, kapokewa na nani. Lakini ukibonyeza "Amefariki", huulizwi kitu. Wekundu unazimika, mtambo unaandika "Pole", unachukua mkoba wako unaondoka.

Aliyeigundua njia hiyo ni Kamanda.

"Jamani, marehemu hana usumbufu," aliwaambia wenzake. "Ueni, twende nyumbani."

Wala hakuwa katili. Mgonjwa akirudi asubuhi, Kamanda anabonyeza "Rekebisha", anamfufua, anamwambia asogee foleni. Safu nzima ya madirisha ikamwiga. Jioni wanaua, asubuhi wanafufua, na msimamizi anawasifu kwa usafi wa kazi.

Waliostuka ni makao makuu. Kwenye takwimu zao, hospitali yetu ilikuwa inateketea kila jioni. Wakatuma wataalamu, wakashuka kwenye gari na barakoa, glavu na mabuti mpaka magotini, wakakuta marehemu wamejaa uwanjani wanagombania kivuli. Wakaondoka bila kuaga, kama wagonjwa tu. Kesho yake kitufe cha "Rekebisha" kikawa hakipo. Tangu hapo, kumrudisha mtu duniani kulihitaji kamati.

Na kati ya waliokwama upande wa pili alikuwemo mume wa Kamanda.

Yeye ni fundi cherehani, na macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Alishashona sketi ya shule ikafungwa chini kama gunia. Mama mwenye mtoto alipolalamika, akamwambia huo ndio mtindo. Wateja wakaanza kumhama. Alikuwa amengoja upasuaji muda mrefu, na hatimaye jina lake likatoka: Jumanne. Ijumaa, siku ileile ya wataalamu, akaja kupimwa presha, benchi likamuumiza mgongo, akajiondokea. Jioni mkewe akafunga wekundu wake kwa haraka, bila kusoma majina.

Jumatatu akaja na begi lake alazwe. Muuguzi akatazama kompyuta, akamtazama yeye, akatazama tena kompyuta.

"Baba, hapa wewe ni marehemu."

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Ndiyo maana chakula cha Jumamosi hakikuwa na ladha. Nani kaniandika?"

Muuguzi akamgeuzia kioo cha kompyuta.

"Nisomee, mwanangu. Ningekuwa naona ningefuata nini hapa?"

"Dirisha la tatu."

Fundi akapapasa ukuta mpaka dirisha la tatu.

"Mama watoto, umeniua."

"Punguza sauti, Baba watoto."

"Nipunguze nini tena? Mimi niliyekufa ndiye nitunze heshima ya waliobaki?"

Karani wa dirisha la pili akachungulia. "Dada, pole na msiba. Mbona hukutuambia tuchange?"

"Wewe nyamaza, wa kwako wamejaa kaburi zima!"

Kamati ilikaa mchana huohuo, na mwenyekiti alieleza mambo waziwazi. Kama kosa ni la mtandao, wataalamu wataitwa, watachunguza, na Fundi atangoja. Nafasi yake ya Jumanne atapewa mwingine, naye arudi mkiani mwa orodha, na huo mkia ulikuwa mwakani. Kama kosa ni la karani, karani atakiri, Fundi atafufuliwa palepale. Ila karani hatakaa tena dirishani.

"Haya mama, ni mtandao?"

Msimamizi, nyuma ya mwenyekiti, alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote: ndiyo, ndiyo, mtandao. Kamanda mwenyewe alishafungua mdomo aseme mtandao. Kule kutolewa dirishani, mbele ya watu waliomsikia kwenye kipaza sauti, kulikuwa kunamtisha kuliko msiba. Halafu akageuka kumtazama mumewe. Fundi alikuwa ameinama kwa adabu, mkono mbele, analisalimia kabati.

"Habari za saa hizi, mheshimiwa mwenyekiti," aliliambia. "Nakuomba unifikirie. Kazi yangu ni sindano."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alijaribu, ikageuka kikohozi.

"Si mtandao," Kamanda akasema. "Ni mimi. Nilimuua mwenyewe, kwa haraka ya kwenda nyumbani kumpikia. Na makarani wenzangu wote nimewafundisha mimi."

Fundi akafufuliwa kabla ya jioni. Jumanne akapasuliwa. Kamanda akahamishiwa mlango wa nyuma, kazi yake ni kusimama pale na kumkamata kila anayetoroka: "Umeaga? Rudi dirishani ukaage, usije ukafa bure!" Wanasema hata madaktari siku hizi wanapita mlango wa mbele.

Bandeji zilipotolewa, Fundi alimtazama mkewe muda mrefu, mpaka mkewe akaanza kurekebisha kilemba.

"Unatazama nini?"

"Natazama muuaji wangu. Kumbe mzuri."

"Ondoka hapa, nenda ukachukue dawa."

Kwenye dawa akaambiwa kadi yake haifanyi kazi tena; ile namba imebaki ya marehemu, aanze na nyingine kwa mhasibu. Akaenda mwenyewe, bila kupapasa ukuta. Juu ya dirisha la mhasibu palibandikwa tangazo la maandishi madogo, na waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanaulizana linasema nini. Fundi akasogea nyuma hatua moja, akalisomea watu wote kwa sauti.

Kadi mpya, shilingi elfu mbili.